Kwa nini bomba la stenlesi hupasuka pembeni ya weldi? Mkazo uliobaki na namna ya kuupunguza

Bomba la stenlesi la maziwa au la maji ya moto likianza kuvuja baada ya mwaka au miwili, mazungumzo huwa ni yale yale, iwe Njombe, Iringa mjini au Tukuyu. Mwenye mali anauliza, "Fundi, si ulisema hii haishiki kutu?" Fundi anajibu, "Mama, mimi weldi yangu nzima, angalia mwenyewe. Hii mliyouziwa ndiyo siyo stenlesi." Inaletwa sumaku. Ikinata kidogo karibu na weldi, hukumu imetoka: muuza duka kawapiga.

Mara nyingi muuza duka hana kosa. Lisugue bomba hilo lisafike, lipake rangi nyekundu ile ya kutafutia nyufa, ifute, kisha nyunyiza unga mweupe. Kitakachojitokeza ni mistari myembamba kuliko unywele, yenye matawi, imekaa milimita chache kutoka kwenye weldi. Fundi alisema kweli, weldi yake nzima. Ukuta wa bomba haujaliwa wala kuwa mwembamba. Chuma kimepasuka bila mtu kukigonga, tena kwa presha ndogo kabisa.

Sumaku tuimalize mapema. Stenlesi inayotumika sana kwenye vyakula ni ile ya namba 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Ikiwa haijapindwa wala kuchomelewa, sumaku hainati. Lakini ukiipinda ikiwa baridi, sehemu iliyopindwa huanza kuvuta sumaku kidogo, na chuma cha weldi yenyewe huvuta kidogo pia, kwa sababu mpangilio wa atomu zake hubadilika. Tena zipo stenlesi halali, kama namba 430, ambazo sumaku hunata barabara. Kwa hiyo sumaku inayonata karibu na weldi haithibitishi chochote.

Kilicholipasua bomba ni mkazo uliobaki. Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila kipande kidogo cha chuma. Ukining'iniza kilo 20 kwenye waya wenye eneo la milimita moja ya mraba, waya huo unabeba mkazo wa kilo 20 kwa milimita ya mraba. Huo ni mkazo unaouona, kwa sababu mzigo upo na unaweza kuutoa. Mkazo uliobaki ni ule ambao chuma hukaa nao ndani yake hata kikiwa kimelala chini, hakuna presha, hakuna mzigo, hakuna mtu anayekigusa. Sehemu moja inavuta, jirani yake inasukuma, na kwa kuwa zimefungana hakuna inayoshinda.

Watu wa Mafinga wanaujua mkazo huu bila kuusoma popote, kwa sababu ya mbao. Chukua ubao wa paina kutoka msitu wa Sao Hill uliokaushwa haraka. Ganda la nje lilikauka kwanza likataka kusinyaa, kiini kikiwa bado kibichi kikalizuia. Baadaye kiini nacho kikakauka, kikakuta ganda limeshakakamaa na haliko tayari kukifuata. Ubao ukiutazama umenyooka vizuri, unauzika. Upasue sasa katikati kwa msumeno: unaubana msumeno, au vipande viwili vinajikunja kila kimoja upande wake. Seremala hakuuongezea nguvu yoyote ubao ule, ameifungulia tu iliyokuwamo.

Kwenye weldi, badala ya kukauka kuna kupoa. Stenlesi huyeyuka kwenye nyuzi 1,400 na zaidi kidogo. Fundi akipita na moto, ukanda mwembamba huyeyuka huku chuma cha sentimita kadhaa pembeni kikiwa vuguvugu tu. Ukanda huo ukianza kupoa unataka kusinyaa, na chuma baridi kilichoushikilia pande zote kinakataa. Hapo ndipo mvutano unapozaliwa.

Mvutano huo ni mkubwa kiasi gani? Stenlesi ya 304 huhesabiwa kuwa inaweza kubeba angalau megapaskali 205, yaani kama kilo 20 kwa milimita ya mraba, kabla haijaanza kulegea na kurefuka moja kwa moja bila kurudi. Ukifanya hesabu ya kusinyaa, kipande cha stenlesi kilichobanwa ncha zote mbili kinafika kikomo hicho kikipoa nyuzi 60 hivi tu. Weldi hupoa zaidi ya nyuzi 1,300. Kwa hiyo weldi yoyote, iwe ya fundi wa miaka thelathini au ya kijana aliyemaliza VETA juzi, huishia na mvutano unaokaribia kikomo cha chuma chenyewe. Kwenye mstari wa weldi huwezi kuukwepa.

Linganisha sasa na kazi ya kila siku ya bomba. Bomba la maziwa la inchi 2, ukuta wa milimita moja na nusu, likibeba presha ya bar 3, linapata mkazo wa kama megapaskali 5. Weldi imeacha mara 40 ya hiyo. Ndiyo maana jibu la "presha yenyewe ndogo, haiwezi kupasua" halina maana hapa.

Stenlesi ina tabia mbili zinazoifanya isumbue kuliko chuma cheusi. Ya kwanza, hutanuka na kusinyaa zaidi: mita moja ya stenlesi ikipashwa nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 1.7, chuma cha kawaida kama milimita 1.2. Ya pili, hupitisha joto polepole, kama theluthi tu ya chuma cha kawaida. Joto linarundikana pale pale penye moto, tofauti kati ya sehemu ya moto na ya baridi inakuwa kali, na kusinyaa kunakuwa kwingi. Mtu aliyezoea kuchomelea mageti akihamia kwenye stenlesi huona vitu vinajikunja mkononi mwake akashangaa.

Kwenye bomba kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Weldi inayozunguka bomba ikisinyaa, mduara wake unapungua, na bomba linabana kiuno kidogo pale kwenye weldi. Pitisha kidole polepole na mara nyingine utakihisi. Ukuta ukijipinda kuingia ndani hivyo, uso wa nje unabanwa na uso wa ndani unavutwa kwa urefu wa bomba. Uso wa ndani ndio unaogusana na maziwa, maji ya moto na dawa za kusafishia. Mvutano mkubwa umekaa upande wenye hatari kubwa, tena ambao fundi hauoni.

Hata hivyo mkazo peke yake haupasui. Weldi nyingi za stenlesi hukaa miaka na mikaka na mkazo wake na hakuna linalotokea. Reli za ngazi na baraza zinazong'aa kwenye nyumba mpya za Mbeya zimejaa mkazo uliobaki, na mwenye nyumba hana haja ya kukosa usingizi. Ufa wa aina hii unahitaji vitu vitatu vikutane: mvutano, kloridi, na joto. Kloridi zimo kwenye chumvi, na zimo au huzaliwa kwenye dawa za klorini za kuulia vijidudu. Joto la kuogopwa, kwa kanuni ya kazi, huanzia nyuzi 60 hivi. Sasa kumbuka kwamba maziwa hupashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, na maji ya kusafishia mitambo mara nyingi huwa nyuzi 70 na kuendelea. Mtu akiacha dawa ya klorini imetuama ndani ya bomba, asubuhi akapitisha maji ya moto bila kusuuza, vitu vitatu vimekutana. Dawa ya klorini itumike baridi, kwa kipimo kilichoandikwa, kisha isuuzwe. Hatua hii haimgusi fundi kabisa, na kwa maoni yangu inaokoa mabomba mengi kuliko ufundi wowote nitakaoueleza hapa chini.

Swali linalofuata kila mara ni hili: kwa nini tusipashe weldi moto baadaye ili mkazo ulegee, kama wanavyofanya kwenye boila? Ni kweli, chuma cha kawaida kinene hupashwa kama nyuzi 600, kikaachwa humo kwa muda, kikapozwa taratibu, na mkazo mwingi ukatoka. Ukiifanyia hivyo stenlesi ya 304 ya kawaida umeiua. Kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni iliyomo hukimbilia mipakani mwa chembe za chuma, yaani zile punje ndogo zilizoshikana kukifanya chuma, na kujishikiza kwa kromiamu. Ukanda mwembamba kando ya mipaka hiyo unabaki hauna kromiamu ya kutosha, na chuma kikishuka chini ya asilimia 10.5 hivi ya kromiamu si stenlesi tena. Umetoa mkazo, ukafungulia kutu njia ya kupenya kati ya chembe na chembe.

Njia sahihi ya kuifuta mkazo stenlesi kwa moto ni kuipandisha hadi nyuzi 1,050 hivi, yote kwa pamoja, kisha kuipoza haraka. Hilo hufanyika kiwandani, ndani ya tanuru, kabla bomba halijauzwa. Ukutani huwezi: bomba lingelegea na kujikunja kwa uzito wake, na ndani lingejaa magamba. Na wale wanaopasha kwa gesi sehemu moja kando ya weldi "ili ilegee" wanatengeneza ukanda mwingine wa moto uliozungukwa na chuma baridi, yaani wanazalisha mkazo upya kwa njia ile ile iliyouleta wa kwanza.

Stenlesi ya 304L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, huvumilia joto hilo vizuri zaidi, na kwa mabomba ya kuchomelewa ndiyo ya kununua. Lakini herufi L inazuia tatizo la kaboni tu. Haipunguzi mkazo hata kidogo, na haizuii ufa wa kloridi. Wauzaji wengine huizungumzia kama kinga ya kila kitu.

Basi kinachopunguzwa ni kipi, ikiwa kilele cha mvutano kwenye weldi hakiepukiki? Ni upana wa eneo lenye mvutano, ni mikazo mingine inayopandishwa juu yake, na kwenye kazi kubwa, ni upande wa ukuta unaobeba mvutano huo.

Hii ya mikazo ya kuongezea ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Bomba limekatwa fupi kidogo. Fundi hataki kukata jingine, stenlesi ni ghali, bosi amesimama pale. Anavuta kwa klempu hadi midomo ikutane, anachomelea, anaachia. Fanya hesabu: bomba la mita 2 lililonyooka, ncha zote zimefungwa imara, likivutwa milimita 2 tu linafika karibu megapaskali 190, ukingoni mwa kikomo chake. Na mkazo huu ni mbaya kuliko wa weldi, kwa sababu wa weldi unaishia sentimita chache, huu unaenea bomba zima na unaendelea kuvuta hata ufa ukishaanza kufunguka. Midomo ikutane yenyewe, kwa mkono, bila kulazimishwa. Ikikataa, kata upya.

Vivyo hivyo kwa vishikizo vya ukutani. Asubuhi ya Julai Mbeya bomba lina nyuzi 15 au chini ya hapo, kisha maji ya kusafishia ya nyuzi 75 yanapita. Mita 10 za bomba zinataka kurefuka kama milimita 10. Kama limefungwa kila mahali lisisogee, nguvu yote inaishia kwenye kona na weldi, kila siku, kwenda na kurudi. Kishikizo kimoja kifunge, vingine viache bomba liteleze, na mahali fulani pawe na kona yenye nafasi ya kunyumbuka.

Kwenye kuchomelea kwenyewe, fikra kuu ni moja: chuma kidogo kilichoyeyuka, kusinyaa kidogo. Bomba jembamba la milimita 1.5 lililokatwa kwa unyoofu na kusuguliwa ncha zake hadi zigusane halihitaji hata waya wa kuongezea. Moto wa tigi, yaani weldi ya umeme inayolindwa na gesi, unaziyeyusha zenyewe zikaungana. Mwanya wa milimita 2 uliotokana na kukata kwa grainda kwa haraka unadai kujazwa, na kila unachojaza kitasinyaa. Ile imani kwamba weldi nene iliyotuna ndiyo imara inamgharimu mwenye bomba mara mbili, kwa mkazo zaidi na kwa kingo kali pembeni ambapo nguvu hujikusanya.

Shikiza kwanza sehemu nne zilizo mkabala, kisha chomelea robo ya mduara, hamia robo iliyo upande wa pili, halafu zile mbili zilizobaki. Ukizunguka moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, upande mmoja unasinyaa wakati mwingine bado, na bomba linainama. Kwa bomba nene linalohitaji mizunguko zaidi ya mmoja, subiri lipoe chini ya nyuzi 150 kabla ya kurudi. Hapa nitoe tahadhari ndogo kwa wanaotumia kile kipima joto cha kuelekeza kama bastola: kwenye stenlesi inayong'aa hudanganya, husoma chini ya joto halisi, kwa sababu uso unaong'aa hautoi mwanga wa joto vya kutosha. Tumia cha kugusa.

Kupasha bomba kabla ya kuchomelea, wanavyofanya wengine Njombe na Makete msimu wa baridi, si lazima kwa stenlesi ya aina hii. Kausha umande, inatosha. Gesi ya agoni ndani ya bomba wakati wa kuchomelea haipunguzi mkazo, ila inalinda uso wa ndani usiungue na kuwa na ile rangi ya bluu na kahawia ambayo kutu hupenda kuanzia.

Vipi kumwagia maji weldi ikiwa bado nyekundu? Mafundi wengi hufanya, na wasomi huwacheka. Kucheka kote huko hakuna haki, kwa sababu wazo hilo lina ndugu yake mwenye heshima. Miaka ya 1970, kwenye vinu vya nyuklia vya Marekani na Japani, mabomba ya stenlesi ya 304 yalikuwa yakipasuka pembeni ya weldi, upande wa ndani, kama haya yetu, ingawa maji yao yalikuwa safi sana na moto sana. Kulikuwa na mkazo ule ule, pamoja na kromiamu iliyopungua mipakani mwa chembe. Mojawapo ya tiba zilizotumika ni kupitisha maji ndani ya bomba wakati mizunguko ya mwisho inachomelewa kwa nje. Mizunguko ya kwanza imeshaziba, ndani kuna maji baridi, nje kuna moto. Nje kukija kupoa na kusinyaa, uso wa ndani unaachwa umebanwa badala ya kuvutwa, na ufa hauanzii mahali palipobanwa. Wajapani walitengeneza njia ya jirani yake: weldi ikiisha, bomba linapashwa kwa nje kwa koili ya umeme hadi nyuzi mia nne au mia tano na kitu, huku maji yakipita ndani. Njia nyingine hutumia vibano vikubwa vinavyolifinya bomba kidogo pembeni ya weldi, bila moto wowote, na kuacha ndani kumebanwa.

Kwa hiyo maji yanaweza kusaidia, ila yawe ndani, wakati moto uko nje, kwenye bomba nene la mizunguko kadhaa. Ndoo inayomwagwa kwa nje baada ya kazi inapoza uso ambao haukuwa na shida, bila mpangilio, na uso wa ndani unabaki kama ulivyokuwa. Na kwa bomba jembamba la maziwa njia hii haiwezekani, kwa kuwa ndani panatakiwa agoni.

Anayetaka kuuona mkazo kwa macho yake anaweza, akiwa na grainda na kalipa, kile kipimio cha milimita. Kata pete ya sentimita 5 kutoka kwenye bomba la inchi 2 lililotengenezwa kwa bati lililokunjwa na kuchomelewa kwa urefu. Chora mistari miwili kwa msumari, milimita 20 kati yake, pima, kisha pasua pete katikati ya mistari hiyo, kwa urefu wa bomba. Wakati mwingine mwanya unajifungua pale pale, wakati mwingine unalibana jiwe la grainda, kwa hiyo vaa miwani na ushike vizuri. Pima tena. Kwa ukuta wa milimita 1.5, mistari ikisogea milimita 3, pete ilikuwa na mkazo wa zaidi ya megapaskali 100.

Bomba lililokwisha pasuka lina tabia ya kumrudisha fundi. Anachomelea juu ya ufa, wiki chache baadaye ufa unatokea sentimita moja pembeni. Matawi aliyoyaziba ni yale yaliyoonekana tu, na weldi mpya imeleta mkazo mpya juu ya chuma ambacho tayari kina nyufa ndogo na chumvi ndani yake. Kata kipande chote, tena mbali na ufa wa mwisho ulioonyeshwa na rangi nyekundu, na weka kipya. Kisiwe kifupi mno: ukiweka kipande cha sentimita 3, umeweka weldi mbili zilizokaribiana kiasi kwamba mivutano yake inagusana. Kiwe angalau cha upana wa kiganja, na ukipime baada ya kukata, kabla ya kushika klempu.